Michel Mirowski, mkimbizi aliyeuwekea moyo mlinzi wake

Tarehe 4 Februari 1980, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, madaktari walimfanyia upasuaji mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 57 na kumwekea tumboni, chini ya ngozi, kisanduku cha chuma chenye uzito wa takriban robo kilo. Kutoka katika kisanduku hicho zilipita nyaya hadi kwenye moyo. Mwanamke huyo alikuwa amenusurika kifo zaidi ya mara moja, moyo wake ukigoma ghafla bila kutoa taarifa, na dawa zilikuwa zimeshindwa kumkinga. Kuanzia siku hiyo alitembea na kifaa kilichokuwa kikiusikiliza moyo wake usiku na mchana, tayari kuushtua kwa umeme pindi ukianza tena ukaidi wake.

Kifaa hicho madaktari hukiita difibrileta ya kupandikizwa. Leo mamia ya maelfu ya watu ulimwenguni wanaishi nacho. Wapenzi wa kandanda watamkumbuka Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 wakati wa michuano ya Ulaya, akazinduliwa mbele ya macho ya dunia, kisha akawekewa kifaa cha aina hiyo na kurejea kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Katika wote waliomshangilia siku ya kurejea kwake, wachache walikuwa wamewahi kulisikia jina la Michel Mirowski.

Moyo unapogoma

Moyo wa binadamu huendeshwa na umeme wake wenyewe. Chembe ndogo ya umeme huanzia sehemu ya juu ya moyo, hushuka kwa mpangilio, na misuli hujikaza kwa pamoja kama waendesha mtumbwi wanaofuata sauti ya nahodha mmoja. Mpangilio huo ukivurugika katika vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu mwilini, kila uzi wa msuli hujifanyia mambo yake. Moyo haupigi tena, bali hutetema, kama ndagala waliomwagwa hai ndani ya mtumbwi. Damu haisongi. Mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na kwa kila dakika inayopita bila mshtuko wa umeme wa kuurejesha moyo katika mwendo wake, nafasi yake ya kuishi hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, kama Cibitoke (ile ya jijini, si ile ya mpakani na Kongo), kifo cha namna hiyo hakikosi majina. Mtu aliyekunywa chai na jamaa zake asubuhi huanguka mchana, na kabla ya jua kutua msiba umekwisha kujaa minong'ono ya sumu na uchawi. Minong'ono haikukosekana hata mwezi Juni mwaka 2020, serikali ya Burundi ilipotangaza kwamba Rais Pierre Nkurunziza amefariki baada ya moyo wake kusimama ghafla akiwa hospitalini Karuzi. Mara nyingi tatizo huwa ni moyo tu: mishipa iliyoziba, misuli iliyochoka kwa shinikizo la damu lisilotibiwa, au kasoro ya kurithi isiyoonekana kwa macho. Na dakika ni chache mno. Hata mkazi wa Cibitoke, ambaye hospitali ya chuo kikuu iko jirani tu pale Kamenge, anaweza kuzimaliza dakika zake zote jamaa wakiwa bado wanatafuta gari. Anayeweza kumrefushia muda ni yule aliye karibu naye, kwa kukandamiza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika moja, bila kukoma, hadi msaada ufike.

Mirowski alianzia hapo hapo, kwenye umbali uliopo kati ya mgonjwa na mashine. Swali lililomsumbua kwa miaka mingi ya maisha yake lilikuwa ni namna gani mashine ya hospitali ingeweza kumfuata mgonjwa nyumbani, sokoni na kitandani. Ili kufahamu kwa nini swali hilo lilimshika hivyo, hatuna budi kurudi Poland.

Mtoto aliyebadilishwa jina

Alizaliwa mjini Warsaw tarehe 14 Oktoba 1924, katika familia ya Kiyahudi iliyoishi kwa biashara ya duka la vyakula, akapewa jina Mordechai Frydman. Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Poland mwezi Septemba 1939, baba yake alimbadilisha jina, akamwita Mieczysław Mirowski, jina la Kipolishi lisilomtambulisha Myahudi. Jina la Michel lingekuja baadaye, Ufaransa. Mwezi Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 15, aliiaga nyumba ya baba yake na kuelekea mashariki, kwenye maeneo yaliyokuwa mikononi mwa Wasovieti. Hakuwaona tena aliowaacha. Vita vilipokwisha, katika familia yake yote alikuwa amebaki yeye peke yake.

Wakazi wa Cibitoke waliokimbia katika miaka ya 1990, vita vilipoigeuza mitaa ya Bujumbura kuwa mipaka, hawahitaji kuelezwa maana ya kijana kuondoka nyumbani akiwa na jina la kukopa na njia asiyoijua. Mirowski aliishi miaka ya vita katika nchi za Kisovieti, akifahamu njaa na baridi, akihama kutoka mahali hadi mahali. Wengi waliomfahamu ukubwani walimwona kuwa mtu mgumu, asiyekubali kuambiwa kwamba jambo haliwezekani. Si vigumu kukisia ugumu huo aliuokota wapi.

Baada ya vita alirudi Poland na kuanza masomo ya udaktari Gdańsk, lakini hakuona mustakabali katika nchi iliyokuwa makaburi ya watu wake. Alikwenda Palestina, na mwaka 1947 akavuka tena bahari kwenda Lyon, Ufaransa, kusomea udaktari. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, lugha aliyolazimika kujifunza huku akisoma. Hapo Lyon alihitimu, na hapo ndipo alipokutana na Anna, aliyekuwa mke wake na mama wa binti zake watatu.

Akarejea Israeli na kufanya kazi katika Hospitali ya Tel Hashomer chini ya Profesa Harry Heller, mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani. Heller alikuwa mwalimu wake, na kwa mtu asiye na baba, pengine zaidi ya mwalimu. Kisha zikafuata safari za kutafuta ujuzi: Mexico kwa Demetrio Sodi-Pallares, bingwa wa kusoma umeme wa moyo, Baltimore kwa Helen Taussig, mwanamke aliyefungua njia ya kuwatibu watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, kisha Staten Island, New York. Mwaka 1963 alirudi Israeli kuwa daktari wa moyo katika hospitali ya Asaf Harofeh. Hayo yote yangetosha kumpa maisha ya heshima na utulivu.

Kifo cha mwalimu

Mwaka 1966 Heller alianza kupatwa na vipindi ambavyo moyo wake ulikimbia kwa kasi ya hatari. Alilazwa, akapewa dawa, akatoka, ukamrudia tena. Mirowski na wenzake walijua jinsi mambo yangeishia. Walijua pia kwamba tiba ilikuwepo: mashine za kushtua moyo zilikuwa zimekwisha kuenea katika hospitali kubwa, na kama shambulio lingemkuta Heller kitandani wodini, angeokolewa. Lakini mtu hawezi kuhamia hospitalini maisha yake yote akisubiri moyo wake umsaliti. Heller alifariki mwaka huo huo, akiwa mezani na familia yake.

Kifo hicho hakikumtoka Mirowski. Alijiuliza kwa nini mashine isifanywe ndogo kiasi cha kuwekwa ndani ya mwili, ijue yenyewe wakati moyo umevurugika, na ishtue bila kusubiri daktari. Betri za moyo, zile zinazousukuma moyo mvivu ukaongeza mwendo, zilikuwa zimekwisha kupandikizwa tangu mwaka 1958. Hata hivyo kusukuma moyo mvivu kunahitaji umeme kidogo sana, ilhali kuushtua moyo unaotetema kunahitaji nguvu iliyozidi hiyo kwa maelfu ya mara. Mashine za kushtua za wakati ule zilikuwa na uzito wa kilo 15 na zaidi. Wataalamu aliowauliza walimjibu kwamba haiwezekani.

Aliona kwamba Israeli ya wakati ule haikuwa na vifaa wala wahandisi wa kazi hiyo. Mwaka 1968 alihamia Baltimore pamoja na familia yake, kuongoza kitengo cha wagonjwa mahututi wa moyo katika Hospitali ya Sinai, kwa makubaliano kwamba sehemu kubwa ya muda wake angeutumia katika utafiti. Hapo alikutana na Morton Mower, daktari kijana wa moyo, na mwaka 1969 wakaanza kazi. Fedha zilikuwa haba na nafasi ilikuwa finyu. Walifanya majaribio kwa mbwa, na mapema wakaonyesha jambo moja la msingi: umeme ukitolewa kutoka ndani, karibu na moyo wenyewe, kiasi kidogo kuliko kile cha kupitishia kifuani kinatosha kuurudisha katika mwendo wake. Hapo kilo 15 zilianza kuonekana kuwa zinaweza kupunguzwa.

Upinzani ulitoka juu kabisa. Bernard Lown wa Boston, ambaye mwaka 1962 alikuwa ameibuni mashine bora ya kushtua moyo kutoka nje ya mwili, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1972 katika jarida kubwa la magonjwa ya moyo kwamba kifaa hicho hakina kazi inayoeleweka. Wagonjwa wa kufaidika nacho, kwa maoni yake, walikuwa hawajulikani. Wale waliojulikana wangetibiwa kwa dawa au upasuaji. Na kifaa kinachoshtua mtu kwa makosa kingemletea madhara. Yeyote aliyesikia kauli kama hiyo kutoka kwa mtu wa hadhi ya Lown angeweza kuelewa kwamba mlango umefungwa. Kampuni moja kubwa ya betri za moyo nayo ilikuwa imelipima wazo hilo na kuliacha, kwa kuwa haikuliona soko lake.

Mwaka 1972 huo huo Mirowski alifahamiana na Stephen Heilman, daktari na mhandisi aliyekuwa na kampuni ndogo karibu na Pittsburgh, Medrad, iliyotengeneza vifaa vya kudungia dawa katika mishipa wakati wa kupiga picha za moyo. Heilman alikubali kubahatisha. Mhandisi kijana, Alois Langer, aliingia kazini, na ugumu halisi ukajitokeza. Kumbe tatizo kubwa halikuwa kushtua, lilikuwa kujua wakati wa kushtua. Hapo mwanzo walikuwa wametegemea kipimo cha shinikizo la damu ndani ya moyo: shinikizo likishuka, kifaa kishtue. Lakini kipimo hicho kikikatika, shinikizo huonekana limeshuka, na mtu mzima aliye macho anapigwa umeme bila sababu. Wakakiacha, wakakifundisha kifaa kusoma umbo la umeme wa moyo wenyewe. Kazi hiyo ilikula miaka.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa na mbwa aliyebeba kifaa kizima mwilini. Walimpiga picha za filamu: mbwa amesimama, moyo wake unavurugwa kwa makusudi, anaanguka kama mfu, zinapita sekunde, mwili unaruka, kisha mbwa anainuka na kutikisa mkia. Mirowski alizunguka na filamu hiyo katika mikutano ya madaktari. Wapo waliosema mbwa amefundishwa kuanguka. Ikabidi filamu irudiwe, safari hii umeme wa moyo ukionekana pembeni, sekunde kwa sekunde.

Mikono ya Levi Watkins

Wa kwanza kukipandikiza kifaa ndani ya binadamu, ile Februari ya 1980, alikuwa Levi Watkins, daktari Mweusi wa upasuaji wa moyo pale Johns Hopkins. Watkins alikulia Montgomery, Alabama, mji wa ule mgomo wa mabasi ambao Martin Luther King aliuongoza, na alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Hivyo mkimbizi Myahudi kutoka Warsaw alipotafuta mikono ya kuiamini kwa jambo ambalo halikuwahi kufanywa, aliikuta kwa mtu ambaye naye alikuwa amezoea kuingia milango iliyofungwa. Historia mara nyingi hulitaja jina moja tu. Katika mkasa huu mawili yanafaa kwenda pamoja.

Masharti yalikuwa makali. Wagonjwa wa kwanza walitakiwa wawe wamenusurika angalau mara mbili moyo uliosimama, na dawa ziwe zimeshindwa. Kifua kilibidi kifunguliwe. Mwaka huo huo taarifa za wagonjwa watatu wa mwanzo zilichapishwa katika jarida kuu la udaktari la New England, na mwaka 1985 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha kifaa hicho kutumika. Mwaka huo huo wa 1985, Lown naye alipanda jukwaani Oslo pamoja na wenzake kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, kwa kampeni ya madaktari dhidi ya silaha za nyuklia.

Katika swali la kitabibu, Lown alishindwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996 na mwingine mwaka 2002, yote ikiongozwa na Arthur Moss, ulionyesha kwamba wagonjwa walioharibika moyo kwa mshtuko wa mishipa waliishi kwa wingi zaidi wakiwa na kifaa kuliko wakiwa na dawa peke yake. Kifaa chenyewe kilipungua ukubwa kikahamia chini ya mtulinga, na waya ukaanza kupitishwa ndani ya mshipa bila kufungua kifua. Hofu yake juu ya mishtuko ya makosa, hata hivyo, haikuwa ya bure: hadi leo baadhi ya wagonjwa hushtuliwa pasipo haja, na wale waliopigwa hufananisha na teke la farasi. Wengine huishi wakiogopa teke la pili.

Swali la gharama nalo halijakwisha, hasa Afrika. Kifaa hugharimu maelfu ya dola kabla ya kuhesabu upasuaji, na baada ya miaka kadhaa betri huisha na kisanduku hubidi kibadilishwe. Katika Afrika Mashariki hospitali zenye wataalamu wa kazi hiyo ni za kuhesabika, zikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Wagonjwa wengi wa moyo kutoka Burundi husafiri hadi nchi jirani au India, wale ambao familia zao zimeweza kuchanga. Kilichobuniwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na hospitali kimeishia kumfikia kwanza yule aliye karibu na hospitali kubwa kuliko zote. Kwa mkazi wa Cibitoke, kupima shinikizo la damu na kumeza dawa zake kila siku, au mtoto anayeumwa koo kutibiwa kwa penisilini kabla homa haijamharibia vali za moyo, kungali kunaokoa wengi kuliko kisanduku chochote.

Wapo wanaojaribu kuupunguza umbali huo. Madaktari wa Montreal, Kanada, walikusanya betri za moyo na difibrileta zilizotolewa kwa watu waliofariki au waliobadilishiwa, wakazisafisha kwa viuavijidudu na kuzituma Mexico na nchi za Amerika ya Kati na Karibi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020 kwa wagonjwa zaidi ya elfu moja, yalionyesha kwamba maambukizi hayakuzidi yale ya vifaa vipya vilivyopandikizwa Kanada. Sheria za nchi nyingi bado hazijaruhusu biashara wala misaada ya namna hiyo.

Mirowski hakuishi kuyaona majibu ya tafiti hizo. Katika miaka yake ya mwisho saratani ya uboho ilimla polepole, huku akiendelea kusafiri na kufundisha kila alipoweza. Alifariki tarehe 26 Machi 1990, akiwa na umri wa miaka 65, wakati maelfu ya watu walikuwa tayari wanatembea na kifaa chake. Watkins alifariki mwaka 2015. Mower, aliyeendelea na utafiti wa umeme wa moyo kwa miaka mingine mingi na kushiriki kubuni kifaa cha kuuwezesha moyo uliochoka kupiga pande zote mbili kwa pamoja, alimfuata mwaka 2022.